Mwewe Hana Mdomo

Habari ilimkuta Kavutha shambani kwake Kangundo, debe la kahawa likiwa limefika nusu na redio yake ndogo ikining'inia kwenye tawi la mbuni. Mtangazaji alikuwa mmoja wa hawa vijana wasioweza kusema jambo bila kupiga kelele.

"Mashabiki wa Mwewe wa Iveti, kaeni tayari! Shujaa wenu anakuja jukwaani, hapa hapa Machakos! Mamilioni yametumika! Atapaa juu ya vichwa vyenu, atapigana, na kwa mara ya kwanza kabisa, Mwewe ataimba!"

"Woi!" Kavutha akasema peke yake. "Aimbe na mdomo gani?"

Akazima redio. Akaiwasha tena, labda masikio yamemdanganya. Hayakuwa yamemdanganya, mtangazaji alikuwa analirudia lile lile, ataimba. Tangazo la sabuni likafuata, naye akaketi pale pale kwenye majani makavu, debe likapinduka, kahawa ikamwagika, asijali.

Kama wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Mwewe wa Iveti ni shujaa wa vijitabu vya picha. Anaishi kwenye vilima vya Iveti, anapaa bila mabawa, anawashukia wezi wa mchanga wa mtoni na wanyakuzi wa mashamba, anawanyanyua kwa ukosi mpaka mlangoni kwa chifu. Na hao wezi wanaongea jamani! Wanaongea mpaka maneno yao yanajaza ukurasa mzima, wanashindwa hata kumwona akija. Mwewe mwenyewe hasemi neno. Kinyago chake hakina mdomo. Akimaliza kazi anajipiga kifuani mara mbili, anafungua kiganja mbele yake, na hadithi inaishia hapo. Vijana kutoka Kathiani mpaka Wamunyu wanasalimiana hivyo siku hizi: kifua, kifua, kiganja. Ukiwauliza maana yake, huyu atakwambia ni ushindi, yule atakwambia ni amani. Hawajui kitu, maskini ya Mungu.

Aliyejua ni Kavutha, kwa sababu aliyemchora Mwewe alikuwa mwanawe, Mulwa.

Mulwa alizaliwa hasikii. Kavutha alikuwa bado kijana, mumewe Muthoka alikuwa bado hai, na wote wawili walikuwa na imani ya kuhamisha milima. Wakambeba mtoto kwenye kila mkutano wa maombi uliopigwa hema kati ya Tala na Machakos. Wahubiri wakamwekea mikono, wakamfokea masikioni mpaka akalia. Kavutha akapiga magoti kwenye vumbi akaomba jambo moja tu, nalo ni kumsikia mwanawe akimwita mama. Hata mara moja, Ngai, Mungu wangu, kisha unichukue.

Haikuwa. Lakini jioni moja Kavutha alikuwa akikoroga sufuria ya muthokoi jikoni, akahisi kuna mtu. Mulwa alikuwa amesimama mlangoni, mdogo wa kufika kiunoni. Hodi hawezi kupiga. Akajipiga kifuani mara mbili, akafungua kiganja. Niko hapa. Na Kavutha, bila kufikiri, akanyoosha mkono wake akauvuta polepole mpaka moyoni. Ingia. Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na hodi yake na karibu yake, na Kavutha akaacha kwenda kwenye mahema. Angeendea nini? Aliitwa mama kila jioni.

Baadaye Mulwa akaanza kuchora. Vijana wenzake wakavipeleka vijitabu vyake kwenye vibanda vya kompyuta vya Machakos, vikatolewa kopi, vikasomwa chini ya madawati shule nzima nzima. Kisha kifua kikambana, kikaanza kama homa ya kawaida, na kabla ya mvua kwisha Kavutha alikuwa amemzika karibu na babake.

Nikwambie siri yake, maana bila hiyo hutamwelewa. Kila jioni tangu mazishi, Kavutha alikaa kwenye kigoda chake jikoni akautazama mlango. Na Mulwa akaja. Si mzimu, wala si wazimu. Ni mama tu anayemkumbuka mwanawe mpaka anamwona. Kifua, kifua, kiganja. Kavutha akavuta mkono moyoni, akala chakula chake, akafunga mlango, akalala. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani, na hakuna aliyeijua.

Sasa utauliza, kama mambo yenyewe ni hayo, aliwaruhusuje watu wa onyesho? Hapo ndipo penye uchungu. Aliwaruhusu mwenyewe, kwa mdomo wake.

Walikuwa wamekuja miezi kadhaa kabla ya tangazo lile. Mwelekezi aliitwa Erastus, kijana wa Nairobi mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na mwigizaji wake, Ndunda, mrefu, mwembamba wa mabega, na Kavutha alipomwona akiinama kupita mlangoni ilibidi ashike meza. Mulwa alikuwa akiinama vile vile. Akawapikia chai na nduma. Erastus akasema wanaomba ruhusa yake wamweke Mwewe jukwaani.

"Ni wewe utakuwa Mwewe?" Kavutha akamuuliza Ndunda.

"Ni mimi, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Watanifunga waya, nipelekwe juu kabisa, karibu na paa."

"Ukianguka je?"

Ndunda akacheka, lakini kicheko cha mtu anayeogopa. Basi Kavutha akafanya kile mama yeyote wa Kikamba angefanya mwana akienda mahali pagumu. Akachukua maji mdomoni, akamtemea kifuani na viganjani, akasema, "Nenda na urudi. Waya usikatike. Ulichokwenda kufanya kifaulu." Baraka ya mate hiyo, kubwa kuliko sahihi ya wakili. Na kabla ya kuitoa hakuuliza hata swali moja kuhusu hicho alichokuwa anakibariki. Angeuliza nini? Mwewe ni Mwewe. Nani angewaza kwamba atafunguliwa mdomo?

Siku ya pili baada ya tangazo la redio, Warsan akafika mbio mbio, hijabu imemwenda upande. Warsan ni binti wa Abdinur anayenunua mbuzi soko la Kangundo, na kama kuna shabiki sugu wa Mwewe duniani basi ni yeye. Ndiye anayesimamia grupu ya mashabiki kwenye simu.

"Mama Mulwa, umesikia? Watu wamekasirika vibaya sana. Hebu sikia." Akaanza kusoma. "Huyu anasema, 'Mwewe akiimba, mimi nitataga yai.' Huyu anauliza, 'Atawaimbia wezi mpaka walale?' Na huyu, 'Pesa yote hiyo, na wametuletea kwaya yenye waya.'"

Kavutha akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkwama.

"Sisi hatukatai onyesho," Warsan akasema. "Lakini Mwewe haongei! Hata mtoto wa chekechea anajua hiyo. Sasa sikia, nitakurekodi kwa simu. Useme tu hutaki. Nikiituma, hakuna mtu ataenda. Hiyo kitu itakufa leo leo."

Simu ikawa mbele ya uso wake. Na tusidanganyane, Kavutha alitaka. Maneno yalikuwa yamefika ulimini.

"Siwezi," akasema.

"Kwani walikulipa?"

"Nilimtemea yule kijana mate."

"Ulimtemea mate?" Warsan akaruka kwa furaha. "Safi kabisa!" Kisha akauona uso wa Kavutha. Amelelewa Kangundo, anajua mambo ya huku. Furaha ikamtoka. "Aah. Yale mate."

"Mdomo huu ndio ulisema waya usikatike. Ukigeuka leo useme ile kazi ife, nani atakuwa huko juu ikifa? Ni mtoto wa mwanamke mwenzangu, Warsan. Nimezika wangu. Siwezi kumzikisha mtu wake."

Warsan akaizima simu. Akachokonoa kucha. "Basi enda umwombe Erastus. Kuomba si kulaani."

Kavutha akavaa leso yake ya kanisani akaenda Machakos. Kwenye ukumbi alikuta mlima wa Iveti umejengwa kwa mbao na vitambaa, mrefu kuliko kanisa lao, na mashine inatema moshi bila moto. Watu wanakimbia huku na huku na nyaya. Kinyago cha Mwewe kilikuwa mezani. Kilichongwa na fundi wa Wamunyu, na yule fundi alikuwa ameusoma uso wa Mwewe vizuri, kila mkunjo mahali pake. Lakini chini ya pua walikuwa wamekata tundu. Kavutha akalipapasa. Makali ya msumeno yalikuwa bado mabichi, unga wa mti ukamganda kidoleni.

"Hapo ndipo maiki inakaa," Erastus akasema, akimjia na tabasamu. "Mama, nilitaka ikushtue siku yenyewe, lakini kwa vile umekuja nitakwambia. Wimbo wa mwisho anakuimbia wewe. Anakuita mama. Tumempa mwanao sauti."

"Nani alikuambia alikuwa anaitafuta?"

Tabasamu la Erastus likakatika. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Akamketisha, akamweleza kwa upole kwamba hili ni onyesho la nyimbo, kwamba wadhamini wameingiza mali, kwamba hakuna atakayelipa tiketi kumtazama mtu aliyenyamaza alasiri nzima. Akiondoa wimbo, onyesho halipo.

"Alikuwa na namna yake ya kuniita," Kavutha akasema. "Hakuhitaji hii."

"Namna gani?" Erastus akasogea karibu, macho yamemtoka. "Nionyeshe, mama. Tafadhali. Tunaweza kuitumia."

Mkono wa Kavutha ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Pengine angemwonyesha yote, hodi na karibu, kijana yule angeelewa na kufuta ule wimbo. Pengine. Lakini jicho lake likaangukia kinyago kwenye meza, na lile tundu, na kidole chake chenye unga wa mti. Hodi walikuwa nayo tayari, nchi nzima ilikuwa nayo. Ile karibu hawakuwa nayo. Akaurudisha mkono mapajani.

"Ni kitu cha nyumbani," akasema. Na badala yake akateremka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni, yeye ambaye hakuwa amempigia mtu magoti tangu mambo ya mahema. "Mwanangu, nakuomba. Mwache anyamaze."

Watu wakaacha kazi wakatazama. Erastus akamnyanyua, macho yake mwenyewe yamelowa. "Tumeshachelewa, mama," akasema. "Haki ya Mungu, tumeshachelewa."

Onyesho likawa Jumamosi alasiri. Kavutha alienda. Ukishambariki mtu, huwezi kukaa nyumbani siku ya kazi yake. Aliwekewa kiti mbele kabisa. Nyuma walikuwa mashabiki, Warsan katikati yao, na wote walikuwa wamejifunga vitambaa vyeupe midomoni. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, mikono imekunjwa, kila mmoja bila mdomo. Kavutha alipogeuka kuwaona, moyo ukamchangamka kidogo. Angalau hao wako upande wangu, akasema kimoyomoyo.

Na mwanzoni mambo yalikwenda walivyotabiri. Moshi ulijaa mpaka watu wa mbele wakakohoa. Mlima wa Iveti ukayumba mwizi mmoja alipouegemea. Mwizi mwingine akadondosha masharubu, akayaokota, akayabandika kichwa chini miguu juu, na chini ya vile vitambaa vyeupe ukasikia watu wanakwama kwa kicheko. Mamilioni hayo!

Kisha taa zikafifia, Ndunda akainuliwa. Akapanda polepole, juu, juu, mpaka akawa karibu na paa na kinyago chake usoni. Akaanza kuimba.

Ningependa kukuambia sauti ilikuwa mbaya. Haikuwa. Ilikuwa nzito na laini, ikaingia watu mifupani. "Mama," iliita. "Mama." Lile neno ambalo Kavutha aliliomba kwenye vumbi la mahema, sasa linaletwa na spika kubwa kila upande, na sauti si ya mwanawe. Akashika kiti. Mdomo hakuufungua, lakini moyoni akapiga ukelele: Ngai, izime! Izime hii kitu!

Stima ikapotea.

Kila kitu kikafa pamoja, taa, spika, mashine ya moshi. Ukumbi ukabaki na mwanga hafifu wa alasiri unaopenya madirishani kwa juu. Huko juu Ndunda alikuwa ananing'inia, anayumba, na waya ukasikika ukilia. Watu wakapiga mayowe. Mtu akaita, "Shusheni huyo kijana!" Na Kavutha akajua, kwa yakini iliyomkausha mate, kwamba ni yeye. Nimemuua, akasema. Nimemuua mtoto wa watu.

Ndunda alikuwa anajaribu kusema kitu, lakini bila maiki, kwa zile kelele, hakuna kilichofika chini. Basi akafanya alichoweza ili watu wajue yuko salama. Akajipiga kifuani. Akajipiga tena. Akafungua kiganja.

Mayowe yakakatika. Kwa mwanga ule hafifu lile tundu halikuonekana. Mabega membamba, shingo imeinama kidogo chini ya paa, kinyago kizima, na kimya. Kavutha akasimama. Hakujua amesimama. Mwanawe alikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono wake, akauvuta polepole mpaka moyoni. Ingia. Ingia, mwana wakwa, chakula kiko tayari.

"Mama, kaa chini, unatuziba!" mtu akamwambia kutoka nyuma.

Jenereta ikanguruma. Taa zikawaka zote kwa mpigo, Ndunda akaushika wimbo pale pale alipoachia, na ile sauti ikatoka kwenye spika ikimalizia neno lililokatika, "...ma!" Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakakumbatiana, wakalia. Yule kijana yuko hai! Kavutha naye alishukuru, alishukuru kweli. Lakini alipogeuka kuwatazama mashabiki, aliwaona wanafungua vitambaa vyao, mmoja mmoja, kisha wote. Kiitikio kilikuwa chepesi, kiliporudiwa mara ya pili walikuwa wameshakishika. Wakaimba. Warsan aliimba kuliko wote, kichwa ameinua, machozi yanamtiririka.

Nje, baadaye, Warsan akamkimbilia, kitambaa kinamning'inia shingoni. "Mama Mulwa, unisamehe. Nilikuwa mjinga. Huo wimbo, jamani! Nilisikia ni kama Mulwa mwenyewe ndiye anaimba."

"Ee," Kavutha akasema.

"Na stima ilipopotea nilikuona umesimama. Ulikuwa unafanya nini na mkono?"

Erastus na Ndunda walikuwa wanakuja nyuma yake, wanatabasamu, Erastus amesikia swali na anasubiri jibu. Kavutha akauingiza mkono ndani ya leso, akaufunga kabisa.

"Nilikuwa nafukuza nzi," akasema.

Alifika nyumbani giza halijaingia. Akawasha moto, akateleka muthokoi, akavuta kigoda chake, akauacha mlango wazi kama kila jioni. Kutoka kwa jirani watoto walikuwa tayari wanaimba kile kiitikio. Redio ilikuwa ikikicheza tangu onyesho liishe. Kavutha akautazama mlango.

Akaja. Aliinama kidogo kupita, mabega ni yale yale. Lakini hakujipiga kifuani. Alikuwa amefungua mdomo, na ndani yake ilitoka ile sauti nzito, laini, ya mtu mwingine. Mama. Mama. Kavutha akavuta mkono moyoni, upesi, akauvuta tena. Mwanawe hakuuona ule mkono. Alikuwa anaimba. Kavutha akafumba macho, akafumbua, akaanza upya kutoka mwanzo, Mulwa mdogo, wa kufika kiunoni, mwiko mkononi mwake yeye mama, vumbi miguuni mwa mtoto. Naye pia alikuja akiimba.

Akaziba masikio. Haikusaidia, kwa maana sauti haikuwa inatoka nje. Na yule mama aliyepiga magoti miaka yote ile akiomba amsikie mwanawe hata mara moja tu, akainama juu ya moto wake, akasema kwa sauti:

"Nyamaza, mwana wakwa. Nakuomba. Nyamaza."